Miaka Yangu na Bastola za Mfukoni za Mzee Mbuvi

Wadogo zangu mnaotafuta kazi, sogeeni niwasimulie. Najua mnachosema: huyu naye hajafika hata miaka thelathini, amestaafu nini? Lakini kustaafu si mvi. Kustaafu ni kuifanya kazi mpaka ikakwisha, na yangu ilikwisha kabisa, hakikubaki hata kipande cha kumrithisha mtu. Kutoka Likoni mpaka Lungalunga sijamsikia mwingine aliyewahi kuifanya. Basi mimi ndiye mstaafu wake wa kwanza, na kwa mambo yalivyo, wa mwisho.

Nilikuwa mtunzaji wa bastola za mfukoni.

Mama yangu kule Bodo aliwaambia majirani kwamba nimepata kazi ya makumbusho. Angetaja bastola, wangeanza kunisomea dua. Angesema deringa, wangedhani ni maradhi. Deringa ni bastola ndogo ya zamani inayokaa kiganjani ukafunga vidole isionekane. Ina mtutu mmoja au miwili, mifupi kama kidole gumba, na inabeba risasi moja au mbili, basi. Zilitengenezwa ng'ambo kwa ajili ya wacheza kamari, mabibi wenye mikoba, na yeyote aliyemwogopa mtu aliyekaa naye meza moja. Nasema meza moja kwa sababu haipigi mbali. Ukitaka kumpata mtu kwa deringa, lazima muwe mmekaribiana kiasi cha kuombana chumvi.

Mwenye bastola hizo alikuwa Mzee Mbuvi. Alikuja pwani kutoka Ukambani akiwa kijana, akapata shamba kwenye ardhi ya makazi, kisha akaona misumari inaota upesi kuliko mahindi. Akafungua duka la mabati na vifaa vya ujenzi Ukunda, akawa mzee wa kanisa, na mwishowe akajenga Galu, ukuta kwa ukuta na hoteli. Alipostaafu yeye (kustaafu kwake kulikuwa kule kwa kawaida, kwa mvi) alianza kukusanya deringa. Wengine hukusanya stempu. Nilimwuliza kwa nini hizo, na si bunduki za maana.

"Binti, bunduki kubwa ni ya mtu anayetaka kuonekana," aliniambia. "Hii ndogo ni ya mtu anayetaka wenzake wajiulize."

Na kweli walijiuliza. Akienda mkutano wa kanisa au wa mtaa, mazungumzo yakichacha, alikuwa akigusa mfuko wa shati polepole, na watu wakapoa. Mfukoni mle mlikuwa na miwani. Mimi nilijua, kwa sababu bastola zote nilikuwa nimezifungia kabatini mwenyewe.

Risasi hakuwa na hata moja. Za ukubwa ule hazitengenezwi tena, na hata zingekuwepo, Mzee aliogopa mlio. Kuwa na deringa zile ilikuwa kama kuwa na jiko la gesi bila mtungi: unalifuta, unalipamba, unakula baridi. Na nyumba hiyo yenye bastola nyingi kuliko vijiko ililindwa na Mzee Nyamawi, Mduruma wa upande wa Kinango, mrefu, mwembamba, silaha yake rungu na tochi. Wezi hawakuwahi kuja. Mzee Mbuvi alisema ni kwa sababu ya deringa. Nyamawi alilipaka tu rungu lake mafuta.

Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya shahada. Nilisoma historia na urithi wa utamaduni, na kwa muda wote ule walimu wangu walinifundisha jambo moja kwa njia nyingi: usidai usichoweza kuthibitisha. Sasa mtu aliyeumbwa na wasiwasi ukimpa elimu ya namna hiyo, umemwaga petroli jikoni. Mimi ni mtu ninayerudi mlangoni kuhakikisha nimefunga, kisha nikarudi tena kuhakikisha kwamba kule kuhakikisha hakukufungua. Mzee alitaka niandike vibandiko, yaani karatasi ndogo za maelezo za kuwekwa mbele ya kila bastola, ili wageni wasome. Kazi rahisi, nikafikiri. Kisha nikaifikiria.

Ilikuwepo moja yenye mpini wa pembe, nzuri kama kipini cha pua. Mzee alitaka niandike kwamba ilikuwa ya malkia. Nikaandika: "Huenda ilimilikiwa na mwanamke."

"Mwanamke gani?" akauliza.

"Hatujui, Mzee."

"Malkia si mwanamke?"

"Ni mwanamke."

"Sasa hapo umenisaidia nini?"

Alilichukia neno huenda kama wengine wanavyochukia pilipili. Alisema nimesomeshwa miaka yote ile ili nije kumtia shaka nyumbani kwake. Nyamawi naye akazidisha; alisema binti huyu siku akiolewa, kadhi atamwuliza kama amekubali, naye atajibu huenda. Nilicheka, kisha nikalala na wazo hilo wiki nzima.

Lakini ufundi niliupata, na huu ndio nataka muuchukue, hata kama hamtashika bastola maishani. Hewa ya bahari inakula chuma. Haina haraka, ila hailali. Usiweke chuma kwenye ala ya ngozi, hata kama ala ni nzuri namna gani. Ngozi inanywa unyevu na kumtapikia aliyelala ndani. Usikifunge kwa kitambaa kilichofuliwa kwa maji ya kisima cha Galu, maana chumvi hubaki kwenye uzi. Vile vipakiti vya vipunje vinavyowekwa ndani ya maboksi ya viatu, msivitupe; vinanyonya unyevu. Mimi nilizunguka maduka ya viatu ya Ukunda nikiviomba, mpaka muuzaji mmoja akaniuliza kwa upole kama nyumbani tunavila.

Na mafuta ni ya cherehani. Kabla sijafika, Mzee alizipaka bastola zake mafuta ya nazi, kwa hoja kwamba kinachofaa nywele kitafaa chuma. Sasa nyinyi wa pwani mnajua mafuta ya nazi hufanya nini asubuhi za kusi: yanaganda. Alikuja mgeni wa heshima, askofu mdogo kutoka bara, Mzee akatoa deringa moja amwonyeshe jinsi nyundo, kile kidude cha nyuma kinachogonga risasi, inavyorudi, nyundo isirudi. Ikasimama nusu njia. Ikabidi waiweke juani kama samaki mpaka ilegee, na askofu akanywa chai akiingoja. Nilipoipokea kazi nilizichokonoa zote kwa pini ya hijabu na tone moja moja la mafuta ya cherehani, na kila nikimaliza moja nilihisi kama daktari wa meno.

Hapo sasa nifike kwa Kimya.

Kimya ndilo jina ambalo Mzee aliipa bastola aliyoipenda kuliko zote. Aliinunua kwa Mzungu mmoja wa Galu aliyekuwa akihama, akauza vitu vyake vyote barazani: friji, feni, na hiyo. Yule Mzungu alimwambia kwamba ilikuwa ya mcheza kamari wa kwenye meli za mtoni, ambaye hakuwahi kushindwa. Mzee hakuuliza kama hakuwahi kushindwa kamari au ugomvi. Alilipa.

Bastola nyingine zote zilikuwa na vyeti vya serikali, vimepangwa kabatini. Kimya haikuwa nacho. Mzee aliogopa kuipeleka kuandikishwa, wakubwa wasije wakaitamani. Na kila mwenye silaha anaijua sheria kwa moyo: ukishikwa na moja isiyo na cheti, unaingia ndani, na zile zenye vyeti zinakufuata kwa mlango mwingine. Yaani kwa ajili ya Kimya angeweza kupoteza zote, na yeye mwenyewe. Kwa hivyo aliifanya siri. Aliisimulia siri hiyo kanisani, kwenye mazishi, kwa kinyozi, na kwenye harusi moja ya Kinondo ambako hata bwana harusi aliwekwa pembeni kidogo ili asikie vizuri.

Siku ya kwanza kuisafisha nilitia kijiti cha pamba kwenye mtutu. Hakikuingia. Tundu lilikuwa shimo dogo tu la mapambo. Nikavuta nyundo, na chini yake nikaona kichujio kidogo cha waya, na pua yangu ikapata harufu ya gesi.

Nilikaa kitako sakafuni. Kimya kilikuwa kiberiti cha sigara.

Wengine wangekwenda kusema siku hiyo hiyo. Mimi nilikwenda kufikiri. Nikisema, namvunja moyo mzee wa watu. Nisiposema, namdanganya anayenipa riziki. Nikisema vibaya, nafukuzwa. Nikisema vizuri, atauliza kwa nini nimechelewa. Na je, kama nimekosea mimi, kukawa na bastola za aina ambayo sijaisoma, zinazopiga kwa juu? Mwishowe nilimwendea akiwa anakunywa chai ya jioni na maandazi, nikamwambia hivi, na naikumbuka kwa sababu niliikariri: "Shikamoo Mzee. Kwa kuzingatia umbo la mtutu, na bila kupuuza uwezekano wa marekebisho ya baadaye, ipo hoja, ingawa si ya mwisho, kwamba matumizi ya awali ya kifaa hiki yalielekea zaidi upande wa moto kuliko wa risasi."

Mzee alitafuna, akameza. "Marahaba. Silaha zote ni za moto, binti. Ndiyo maana zikaitwa hivyo. Andika vizuri."

Nikaandika: "Kifaa cha mfukoni, huenda bastola." Akakichana kibandiko hicho mbele yangu. Tangu siku hiyo Kimya kilikaa kabatini bila karatasi, katikati ya wenzake waliosomeshwa.

Mkifika kazini, wadogo zangu, hii mtaikuta: kuna ukweli ambao umeshausema, na hakuna aliyeusikia, nawe umebaki nao kama mtu aliyetoa salamu isiyoitikiwa. Huwezi kuirudia bila kuonekana mchokozi.

Asubuhi za jua nilikuwa nikizitandaza bastola barazani juu ya taulo, ziote jua kidogo, nikimwachia Nyamawi azitazame. Mnaoishi Diani mnajua niliyemsahau. Tumbili. Lakini miezi na miezi tumbili hawakuzijali. Chuma chenye mafuta ya cherehani si chakula. Tatizo ni kwamba Mzee alikuwa na tabia ya kukikamata Kimya akila maandazi. Kilinukia iliki. Siku moja tumbili dume akateremka kwenye nguzo, akazinusa moja baada ya moja kama mnunuzi wa maembe, akachukua Kimya, akapanda nacho ukutani.

Mzee alitoka ndani. Mbele yake kwenye taulo palikuwa na silaha za kutosha kuanzisha ugomvi wa ukoo. Akapaza sauti: "Nyamawi, lete manati."

Nyamawi hakuwa na manati. Alirusha rungu, likapita juu ya ukuta, likaangukia hotelini. Tumbili akalifuata. Wageni wa hoteli walikuwa wakila kifungua kinywa. Tumbili akakaa juu ya meza moja, akakiuma Kimya, akaona si andazi, akakitupa kwenye bakuli la papai na kuchukua mkate. Sisi wa upande huu tulisikia viti vikianguka, kisha kimya kirefu, kile cha kawaida.

Polisi walifika kabla ya chai ya saa nne. Alikuja inspekta mmoja, mama mpole mwenye kuvaa saa kubwa, akifuatana na meneja wa hoteli, kijana wa Nairobi aitwaye Kevo. Hawakuuliza bastola ni ya nani. Galu yote ilikuwa imeshaisikia siri. Kimya kilikuja ndani ya mfuko wa plastiki, na mbegu ya papai juu yake. Inspekta alikiweka mezani barazani. Mtutu ulimtazama Kevo, Kevo akasogeza kiti. Ukawa unanitazama mimi, nikasogea. Tukasogea sote kidogo kidogo, kama watu wanaokimbia jua, mpaka mtutu ukabaki unatazama mnazi.

Inspekta alisema yeye hagusi kitu ambacho hajui kama kimejaa. Kitapelekwa Mombasa kwa wataalamu, na mwenye nacho atakifuata huko huko, na kabati litafungwa kwa lakiri ya serikali hadi kesi imalizike. Alilisema hilo kwa huruma, kama nesi anayesema sindano haitauma. Kisha akamgeukia Mzee.

"Mzee wangu, nitakuuliza mara moja, kwa heshima. Hii ni bastola?"

Nilimwona Mzee Mbuvi akihesabu moyoni: kabati, kanisa, jela. Kwa mara ya kwanza nilimwona akitamani lile neno langu alilolichukia. Laiti Mzee angeishia hapo. Lakini Kevo alikuwa amechoka kuogopa, akataka kufidia.

"Afande, wageni wangu wamelala chini ya meza juu ya hii kitu," alisema. "Na ukiicheki poa, hata inakaa toi ya watoto."

Mzee akainuka. "Toi?" Akavuta shati, akasimama wima kama siku ya kupandisha bendera. "Kijana, hiyo ni deringa ya kweli. Ina historia kuliko hoteli yako. Na ni yangu."

Nyamawi, aliyekuwa amesimama ngazini na rungu lake lililorudishwa, alikohoa. Inspekta akahema, akatoa pingu, akaziweka mezani pembeni mwa Kimya, taratibu, kama mtu anayeweka kisahani. Kisha akanitazama mimi. "Na wewe ndiye msomi wa hapa, nimeambiwa. Unasemaje? Usinizungushe, mwanangu. Ndiyo au la."

Niliyafikiria yote. Nikisema la, Mzee analala nyumbani kwake lakini hatainua uso Galu nzima, na Kevo atasimulia. Nikisema ndiyo, anakwenda Mombasa kifua mbele, na huko watacheka. Nikisema huenda, anakwenda vilevile. Na nikisema la, nani ataniamini bila ushahidi? Kiberiti hakijatiwa gesi tangu Mzungu ahame. Nitabonyeza, hakitawaka, nami nitakuwa nimebonyeza bastola mbele ya polisi. Nikamtazama Mzee. Alikuwa ametoa kifua vile vile, ila mkono wake ulikuwa ukigusa mfuko wa shati, ule wa miwani.

Nikakitoa Kimya kwenye mfuko wa plastiki. Mkono wa inspekta ukaenda kwenye bastola yake ubavuni. Nikavuta kifyatulio.

Ukatoka moto mzuri, mnene, wa buluu chini na manjano juu, ukasimama kama mshumaa wa Krismasi.

"Si bastola," nikasema. "Ni kiberiti."

Nyamawi akapanda ngazi, akatoa kipande cha sigara nyuma ya sikio, akaniinamia. "Hebu, mwanangu," alisema, "kabla hakijazima." Akawasha kwa jinsi mtu anavyowasha kwa kiberiti chake, bila kukitazama. Ndipo nilipojua gesi ilikuwa ikinunuliwa na nani, na kwamba nyumba ile ilikuwa na siri mbili zikiishi chumba kimoja.

Inspekta alicheka mpaka akafuta macho. Alihakiki vyeti vya nyingine, akavikuta sawa, akarudisha pingu kiunoni na kumwamkia Mzee shikamoo kabla ya kuondoka. Kevo aliondoka akiandika kitu kwenye simu kwa vidole gumba vyote viwili. Kufika adhuhuri, Ukunda nzima ilikuwa ikijua.

Mzee hakutoka chumbani siku hiyo wala iliyofuata. Jumapili hakwenda kanisani. Aliponiita, alikuwa amevaa miwani, si kuiweka mfukoni. Hakikuwepo tena cha kuwafanya watu wajiulize.

"Umenitoa jela, binti," alisema. "Sitasahau mpaka naingia kaburini. Lakini kila nikikuona naona ule moto. Siwezi."

Nikasema naelewa. Sikuelewa vizuri, lakini nilijua si wakati wa kueleza kiasi nisichoelewa. Zile nyingine alikuwa ameamua kuzisalimisha serikalini, zote na vyeti vyao. Kabati libaki na kimoja tu, kile kisichohitaji cheti. Akaniomba kazi moja ya mwisho. Kimya hakijawahi kuwa na kibandiko chake, alisema, na si vizuri kiondokewe na mtunzaji kikiwa uchi.

Nikakaa mezani. Kwa mara ya kwanza katika kazi ile mkono wangu haukusita. Nikaandika neno moja, "Kiberiti," nikatia nukta, nikampa.

Alikisoma kwa muda mrefu. Akatoa kalamu yake mfukoni, akaegemea meza, na kwa mwandiko wake wa risiti za mabati akaongeza neno mbele ya langu. Kisha akakiweka kabatini mwenyewe, akakinyoosha kwa kidole mpaka kikawa sawa na ukingo wa rafu.

Ukienda Galu ukamsalimu vizuri, atakuonyesha. Kimeandikwa: "Huenda kiberiti."